Hongera, Si Pole

Maandiko: 2 Samweli 5:6-8, 2 Samweli 9:1-13, 1 Wakorintho 12:22-25

 

Leo tunaanza na tusi. Ndiyo, tusi lililo ndani ya Biblia. Fungua 2 Samweli sura ya 5. Daudi amefika Yerusalemu kuuteka mji, na Wayebusi wako juu ya ukuta wanamcheka. Wanamwambia hapa huingii, hata vipofu na viwete wetu watakuzuia. Daudi akaingia, mji ukawa wake. Lakini angalia mwisho wa mstari wa 8. Lile tusi halikufa pamoja na vita. Liligeuka kuwa msemo wa watu, kwamba kipofu na kiwete wasiingie nyumbani. Maneno ya dharau ya vitani yakawa desturi ya watu wa Mungu wakati wa amani.

Sasa hesabu sura nne mbele. Nani ameketi mezani pa mfalme, ndani ya nyumba ileile? Mefiboshethi mwana wa Yonathani, kiwete wa miguu yote miwili. Yaya alimwangusha akikimbia naye alipokuwa na miaka mitano, na amekulia Lo-debari katika nyumba ya mtu mwingine. Daudi alikuwa na uwezo wa kumtumia gunia la ngano kila mwezi kule kule Lo-debari, na watu wangemsifu kuwa mfalme mwenye huruma. Hakufanya hivyo. Alituma watu wamlete, akamrudishia mashamba yote ya Sauli babu yake, akampa kiti cha kudumu mezani kama mmoja wa wana wa mfalme.

Mefiboshethi mwenyewe alikuwa amezoea vingine. Alijiita mbwa mfu. Wewe na mimi tungemjibu, "Pole sana ndugu, usiseme hivyo." Daudi hakumpa pole. Alimwita Siba mtumishi, akaanza kuongea habari za shamba.

Halafu kuna mstari wa mwisho wa sura ya 9. Mwandishi anamaliza kwa kusema tena kwamba huyu mtu aliyekula mezani pa mfalme alikuwa kiwete miguu yote miwili. Kwa nini arudie? Tulishaambiwa. Nafikiri alitujua sisi wasomaji wa Kipentekoste. Alijua tutaruka haraka tukadhani kwamba lazima aliponywa njiani. Hakuponywa. Alipewa heshima na miguu yake ikiwa vilevile.

Kwa nini naleta neno hili sasa? Kwa sababu ya michezo, na mtaona mbele kidogo kwamba lina sababu ya karibu sana.

Sisi watu wa Nyeri tunaelewa mbio. Binti wa kaunti hii, Catherine Ndereba, alishinda Boston Marathon mara nne, na mwezi wa nane mwaka 2004 alileta medali ya fedha ya marathoni kutoka Athens. Mtu wa rika langu anakumbuka alikuwa wapi siku ile. Vizuri. Sasa wacha nikuulize: mwezi uliofuata, mji uleule wa Athens, Mkenya gani alishinda dhahabu mbili? Ukiuliza swali hili kwenye steji ya matatu hapa Mukurweini, watu wataangaliana.

Ni Henry Wanyoike, na ni jirani yetu kabisa, mtu wa Kikuyu kule Kiambu. Alikuwa fundi viatu na mkimbiaji chipukizi. Mwaka 1995, kabla hajatimiza miaka 21, alilala usiku mmoja akiwa anaona, akapatwa na kiharusi, akaamka karibu haoni kabisa. Ilimchukua miaka kutoka kwenye giza la moyo, ambalo ni zito kuliko la macho. Watu wa hospitali ya macho ya Kikuyu walimshika mkono. Alienda Machakos, kwenye taasisi ya ufundi ya wasioona, akajifunza kufuma. Na huko ndiko alikojua kwamba asiyeona anaweza kukimbia akiwa na mwongozaji, wawili wameshikana kwa kamba fupi mkononi.

Mwaka 2000 alienda Sydney kwenye Paralimpiki, mbio za mita 5,000. Wanyoike akawa na kasi kuliko mwongozaji wake. Karibu na mwisho mwongozaji, ambaye hakuwa mzima, aliishiwa na nguvu kabisa. Sheria inasema wafike wote wawili. Basi asiyeona akamvuta anayeona hadi kwenye mstari, akachukua dhahabu. Miaka minne baadaye, Athens, akarudi na rafiki yake wa utotoni Joseph Kibunja kama mwongozaji, akashinda mita 5,000 na mita 10,000.

Nikae hapo kidogo kwa sababu kuna neno tamu. Hilo neno Paralimpiki zamani lilihusishwa na ugonjwa wa kupooza, kwa kuwa michezo hii ilianzia kwa wanajeshi waliovunjika uti wa mgongo. Daktari Ludwig Guttmann aliwapanga washindani 16 katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa. Lakini leo wenyewe wanalieleza kwa neno la Kiyunani "para", yaani kando ya, sambamba na. Michezo miwili inayotembea bega kwa bega. Na Roho Mtakatifu, katika Yohana 14, anaitwaje kwa Kiyunani? Parakletos. Ni "para" ileile: aliyeitwa aje asimame kando yako. Haleluya! Biblia yetu inasema Msaidizi. Sasa mwangalie mwongozaji wa mkimbiaji asiyeona. Sheria inamkataza kumvuta au kumsukuma mkimbiaji wake, na lazima mkimbiaji akanyage mstari kwanza. Yuko kando, yuko naye, lakini ushindi si wake. Kama unataka kumfundisha mtoto wa Shule ya Jumapili kazi ya Roho, mwonyeshe picha ya Wanyoike na Kibunja. Huhitaji ubao.

Na hawa si mmoja wala wawili. Samuel Mushai Kimani, akiongozwa na James Boit, alishinda mita 1,500 London mwaka 2012 kwa rekodi ya dunia ya dakika 3:58.37, akarudi kushinda tena Rio mwaka 2016. Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, Paralimpiki ilituletea medali moja tu, shaba ya Nancy Chelangat Koech. Paris mwaka 2024 tukapata moja tena, fedha ya Samson Ojuka katika kuruka mbali. Medali moja ya taifa zima, mara mbili mfululizo! Yangekuwa mashindano mengine jina la mtu huyo lingeandikwa nyuma ya kila matatu kutoka Karatina hadi Othaya.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu, aliniuliza swali la haki. "Pasta, si huko medali ni nyingi mno? Kitu kikiwa kingi si bei inashuka?" Ni kweli ni nyingi. Paris, Olimpiki ilikuwa na mashindano 329 ya medali, Paralimpiki 549. Sababu ni kwamba watu wanagawanywa kwa madaraja, ili asiyeona ashindane na asiyeona na mwenye mguu mmoja asishindanishwe na mwenye miwili. Nikamwuliza, "Mzee, wewe unapenda ndondi. Umewahi kusikia bondia wa uzito mdogo akiambiwa mkanda wake ni nusu kwa sababu hakupigana na wa uzito wa juu?" Akacheka. Na katika daraja la wasioona kabisa, kila mmoja anafunikwa macho, hata yule anayepata mwanga kidogo, ili asiwepo wa kumpunja mwenzake. Sijui mashindano mangapi ya watu wazima wa viungo yana uangalifu wa namna hiyo.

Nikamwongezea la Rio. Mwaka 2016, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki mita 1,500, Matthew Centrowitz wa Marekani, alitumia dakika 3:50.00. Wiki tatu baadaye, fainali ya Paralimpiki ya wenye uoni hafifu, Mkenya Henry Kirwa alitumia 3:49.59. Na unajua alipata medali gani? Shaba! Wawili walikuwa mbele yake, na hata wa nne alikuwa na kasi kuliko ile dhahabu. Nitasema ukweli wote, kwa sababu ushuhuda ukitiwa chumvi unaharibika: fainali ile ya Olimpiki ilikuwa ya kuviziana, walitembea mwanzoni wakachomoka mwishoni, na Centrowitz anaweza kukimbia kasi zaidi. Sisemi Kirwa ni bora kumliko. Nasema mtu wa namna hii hatuna haki ya kumwonea huruma.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Kuna kijana hapa kwetu, jina lake silitaji kwa kuwa hajaniomba nilitaje. Mkono wake mmoja unaishia kwenye kiwiko tangu kuzaliwa. Ukipanda gari la alfajiri kwenda Nyeri utamkuta barabarani anapanda mlima, na mlima wa Mukurweini mnaujua. Siku moja nilimwuliza ni kitu gani kinamchosha zaidi. Nilitegemea aseme mlima, au viatu, au nauli ya kwenda mashindanoni Ruring'u. Akasema, "Pasta, nikishinda watu wananiambia pole."

Wapendwa, Kiswahili kina maneno mawili tofauti kabisa hapa. Pole ni ya aliyepatwa. Hongera ni ya aliyefanya. Huyu kijana amefanya. Ameamka saa kumi na moja mvua ikinyesha, amekimbia, ameshinda watu. Halafu mama mmoja anamshika bega kwa upendo mkubwa, machozi yakimlengalenga, na kumwambia, "Pole mwanangu, Mungu anakuona." Mama hana ubaya. Lakini kijana anarudi nyumbani na kikombe mkononi akijiona kama mtu aliyetoka msibani.

Hata lugha yenyewe tuichunge. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: tumewaingiza kwenye jamii moja na kiti na kikapu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa utu na heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Serikali imeandika hivyo. Sisi tulio na Neno hatuwezi kubaki nyuma ya serikali katika jambo la heshima.

Najua kuna mtu ameshanuna. "Pasta, huamini tena uponyaji?" Naamini! Nimeweka mikono juu ya wagonjwa nikiwa hapa na nimeona Bwana akitenda. Lakini soma Marko 10. Bartimayo haoni, kila mtu pale anajua haoni, na bado Yesu anamwuliza, unataka nikufanyie nini? Alimwuliza kwanza. Kijana wetu ameombewa mkono tangu akiwa na miaka saba. Kila mhubiri mgeni akiingia, akimwona tu, anamwita mbele. Mmoja alimwambia mbele ya watu wote kwamba imani yake ndiyo pungufu. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza anataka nini. Mimi nilimwuliza. Alitaka tumwombee ashuke chini ya dakika nne na sekunde kumi katika mita 1,500. Tukaomba hilo, na naendelea kuomba.

Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu waliokaa karibu na uwanja wa michezo mikubwa. Sura ya 9 anawaambia juu ya wakimbiaji na tuzo. Sura ya 12, barua ileile, anafika kwenye mwili na viungo vyake. Anasema vile viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi, na vile tunavyoviona havina heshima ndivyo tunavyovipa heshima zaidi. Shika hapo: vinadhaniwa. Udhaifu uko kwenye macho ya mtazamaji. Na neno analotumia kwa dawa yake ni heshima. Hasemi tuvihurumie.

Sasa ile sababu ya karibu. Orodha ya zawadi za Siku ya Michezo ya vijana mwezi ujao imefika mezani kwangu. Kilomita kumi wanaume: kikombe na mbuzi dume. Kilomita kumi wanawake: kikombe na mbuzi. Nashukuru kwamba hapo hakuna tofauti, maana miaka ya nyuma ilikuwepo. Nikashuka chini ya ukurasa. Mbio za wenye ulemavu, wakati wa chakula cha mchana: msaada, blanketi moja na unga pakiti mbili.

Waliopanga ni vijana wenye moyo mzuri, na sikuwakemea. Niliwauliza tu: huyo mshindi ana njaa? Kanisa hili linatoa unga, na litaendelea kutoa. Kapu la upendo liko pale mlangoni na aliyekosa chakula atapewa bila kuulizwa ana mikono mingapi. Lakini tuzo si sadaka. Sadaka inapimwa kwa haja ya anayepokea. Tuzo inapimwa kwa kazi aliyoifanya. Ukimpa mshindi unga mbele ya umati, umemgeuza mwombaji siku ambayo hakuomba kitu. Na kukimbiza watu wakati wengine wote wamegeukia sahani ni kumtumia Mefiboshethi chakula chake Lo-debari.

Wenzetu Wamarekani walikuwa na jambo hilohilo kwa hesabu kubwa. Hadi mwaka 2018 kamati yao ilimlipa mshindi wa dhahabu ya Olimpiki dola 37,500, na wa Paralimpiki dola 7,500. Nyimbo za taifa zilikuwa sawa, bendera sawa. Mwezi wa tisa mwaka huo walisawazisha, na wale walioshinda Pyeongchang mapema mwaka uleule wakaongezewa kilichopungua. Hilo la mwisho lilinigusa kuliko kiasi chenyewe, kwa sababu Daudi naye alirudisha mashamba yaliyokuwa yamekwenda zamani.

Tena kumbuka Siba. Mbele huko, sura ya 16, alimwendea mfalme akaongea kwa niaba ya Mefiboshethi mwenyewe akiwa hayupo, na akaondoka na shamba lote. Sura ya 19 Mefiboshethi akapata nafasi ya kujieleza, na habari ikawa nyingine kabisa. Kwa hiyo nimewaomba vijana wawili wenye ulemavu waingie kwenye kamati ya michezo, wawe na kura. Tusiwe kina Siba wa watu.

Mapendekezo yangu yako hivi. Kikombe kilekile na mbuzi yuleyule. Mbio zao ziwe saa nne asubuhi, uwanja ukiwa umejaa, na mtangazaji asome muda wa kila mmoja kama anavyosoma wa wengine. Hakuna kusema "tuwapigie makofi hata kama". Wapigiwe makofi. Mbuzi wa ziada wanahitaji pesa, na nimesema zitoke kwenye chakula cha wageni wa heshima, na mimi nikiwemo. Hapo kuna mzee au wawili ambao hawajakubali bado. Kamati inakutana Jumatano saa kumi jioni, ofisini, na mshiriki yeyote anaweza kuja kusikiliza.

Tuna pia ndugu wawili wasioona waliojiandikisha, na hawana waongozaji. Mwongozaji naye atavishwa medali, kama inavyofanywa sasa kwenye Paralimpiki. Tunatafuta watu wanne, kwa sababu mmoja akiugua lazima awepo wa kushika kamba. Uwe unaweza kukimbia kilomita tano chini ya dakika ishirini. Huruma peke yake haitoshi, kwa kuwa hawa ndugu wana kasi na utawachelewesha. Mazoezi ni Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwanjani. Leta viatu vya kukimbilia na kitambaa cha kufunga macho. Juma la kwanza wewe ndiye utakayefungwa.